Sauti Yangu Kwenye Mboga za Sabato

Mliniacha wiki jana nikiwa mlangoni kwa Valentine, mkono mmoja ukigonga na mwingine umeshika mfuko wa mboga unaonuka. Hapo mlangoni sikutoka kwa heshima. Nilikokwenda baadaye ni kubaya zaidi, kwa hiyo kama unakula, malizia kwanza.

Kwa aliyetukuta njiani, mambo ni haya. Mimi ni Drusilla, mkulima wa ndizi na chinsaga, ile mboga ya mgagani, huku Nyamache, na watu huniita Mama Mose. Kijana mmoja, Gibson, alitujia na programu yake ya simu aliyoiita Jikoni Gusii. Akatuambia akina mama wa kikundi chetu kwamba siku za kubembeleza madalali zimekwisha. Mteja wa Kisii mjini ataagiza kwa simu, sisi tutachuma, pikipiki itabeba.

Alinipiga picha nikiwa shambani, akanasa na sauti yangu. Kila mfuko ukabandikwa kile kimraba cha madoadoa. Mteja akikielekezea kamera ya simu, uso wangu unatokea ukicheka na sauti yangu inasema: "Mimi ni Mama Mose wa Nyamache. Mboga hizi nimezichuma kwa mkono wangu asubuhi ya leo."

Nilivishwa kilemba cha ukoka, nami nikakivaa nikatembea nacho soko zima.

Taabu ilikuwa Jumamosi. Watu wa mishahara mjini hupika kwa raha Jumamosi, na sisi karibu wote ni Wasabato. Ijumaa jua likizama mimi huzima simu. Basi tukafanya ujanja ambao wakati ule tuliuona ni busara: tukampa Valentine, mke wa shemeji yangu, simu ya kikundi. Valentine ni Mkatoliki. Sisi tutachuma Ijumaa, yeye atauza Jumamosi, na mbinguni hakutaonekana mkono wa Msabato mahali popote.

Kisha mtoto wa Nereah akala mboga za Jumamosi, akatapika hadi akalazwa. Nereah ni mteja wetu, mama wa Kijaluo mwenye duka la dawa mjini. Wiki hiyo hiyo, siku ya Sabato, binti wa shemasi wetu alimtembelea shangazi yake mjini akasikia sauti yangu jikoni ikisema nimechuma asubuhi ya leo. Habari ikapanda mlima ikafika baraza la kanisa.

Baraza likanipa hadi Jumapili. Nimlete anayeuza siku ya Sabato kwa uso wangu, la sivyo nifutwe ushirika na jina langu lisomwe mbele ya watu.

Mume wangu, Job, ni mzee wa kanisa. Alikuwa amekaa kwenye baraza hilo. Wenzake walitaka kunionea huruma, yeye akasimama akasema, "Sheria haina mke. Kama ni yeye, atolewe." Watu walimsifu kwa msimamo wake. Mimi nililia, lakini hata mimi nilimsifu moyoni.

Sasa turudi mlangoni.

Valentine alifungua, wala hakuniambia karibu. Nikampa ule mfuko.

"Nusa," nikamwambia.

Akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Hii ni nini, Mama Mose?"

"Ni mboga uliyouza Jumamosi kwa jina langu. Mtoto wa watu amelazwa."

"Mimi sijauza mboga."

"Valentine, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Simu ya kikundi iko kwako."

"Iko kwangu wapi? Gibson alikuja akachukua, ni kitambo. Hata mahindi ilikuwa haijapaliliwa." Alinitazama kama mtu anayejaribu kujua nani kati yetu ni mjinga. "Alisema mmepata mtu wenu wa Jumamosi. Msabato kama nyinyi. Mimi nikasema sawa, mmenitumia mkamaliza, mmenitupa. Nikanyamaza."

"Msabato gani?"

"Nilifikiria unajua."

"Nitajie jina, Valentine. Jumapili ninatolewa kanisani."

Aliyafuta macho kwa upande wa leso. Sikuelewa alikuwa anamlilia nani.

"Siwezi," akasema. "Mimi nimeolewa hapa kama wewe tu. Nikitaja, atakayefukuzwa ni mimi, si yeye. Enda ujionee."

Mtu mwenye akili angelipima neno hilo mpaka likae sawa. Mimi nilikuwa nimejaa hasira hadi kooni. Nilipanda nyumbani nikipitia majina ya akina mama wenzangu wa kikundi, nikimchukia kila mmoja kwa zamu. Huyu ana kabati jipya. Yule siku hizi hanisalimu vizuri. Kufika kwangu nilikuwa nimemhukumu kila mtu isipokuwa mwenyewe.

Jua lilikuwa bado kidogo lizame. Nilikuwa karibu kuzima simu, Nereah akapiga.

"Mama Mose, nimepajua," akasema. Hakuwa na salamu. "Kuna mtu wa boda anakunywa dawa kwangu ya kifua. Yeye ndiye hubeba hiyo mifuko yako Jumamosi. Nimemwambia anionyeshe. Kesho asubuhi, chini ya machinjio."

"Kesho ni Sabato, mama."

"Mboga zako hazijui Sabato."

Nikaanza kumweleza habari za amri ya nne.

"Skiza," akasema, na sauti yake ikapungua ukali. "Mimi sikuchukii. Lakini mtoto wangu Valarie amekaa na maji ya mshipa, na kwa simu yangu ni uso wako. Kama si wewe, kuja umuone mwenye anakutumia. Kama ni wewe, usikuje."

Ningefanya nini? Nikasema nitakuja.

Job aliingia wakati huo huo, akavua kofia, akatuita mimi na watoto tufungue Sabato kwa maombi. Aliomba kwa sauti nzuri. Mume wangu ana sauti ambayo hata mgonjwa akiisikia hujiinua kitandani. Akaomba, "Bwana, mfunue mtu huyu anayeichafua nyumba yetu. Mtoe nje, watu wamwone."

Nikasema amina. Niliisema kwa nguvu kuliko watoto. 

Asubuhi Job aliondoka mapema na Biblia yake na kitabu cha nyimbo. Siku hizo kila Sabato alikuwa anakwenda upande wa Nyamira kutembelea wagonjwa. Nilikuwa nimemfungia chakula kilichopikwa Ijumaa. Nilimsindikiza hadi kwenye miti ya kahawa, akaniambia nisiogope, Jumapili Mungu atatenda.

Nami nikaenda kanisani, nikakaa nyuma, na wimbo wa kwanza ulipoanza nikatoka kama mtu anayekwenda msalani. Barabarani pikipiki ilikuwa inaningoja. Nereah ndiye alikuwa amemlipa mwenye boda, kwa sababu mimi siku ya Sabato sigusi pesa. Ndiyo, cheka. Nilikuwa nimetoroka ibada, nimepanda boda, nakwenda kuwinda mwizi, na bado nilijiona msafi kwa kuwa mfuko wangu ulikuwa mtupu.

Nereah alikuwa amesimama kando ya barabara chini ya mji, amevaa viatu vya kazini, leso ameifunga puani.

"Jifunge na wewe," akasema.

Harufu ilikuwa imeshanikuta. Niseme tu ilivyo, kwa sababu watu walikula. Juu kule ni machinjio. Kutoka huko kuna bomba, na bomba linamwaga kila kitu cha ng'ombe kisicholiwa: damu iliyoganda, kinyesi cha utumbo, manyoya, povu la rangi ya chai mbaya. Uchafu huo unaelekezwa kwa mifereji iliyochimbwa vizuri, tena kwa ustadi, hadi kwenye matuta. Na kwenye matuta, sukuma, managu na chinsaga zimesimama majani mapana, meusi kwa afya, mazuri kuliko yangu.

Nikakumbuka jumbe za wateja. "Mama Mose, siku hizi majani yako ni makubwa sana." Nilikuwa nikizipokea. Nilikuwa nikijibu, "Ni baraka tu."

Niliinama kando ya njia, yale niliyokunywa asubuhi yakatoka yote. Nereah alinishika mgongo.

Wanawake watatu walikuwa wanaosha mboga kwenye mfereji huo huo, wakizifunga kwa kamba za mgomba na kuzitia kwenye mifuko. Mifuko yetu. Nereah akachukua mmoja, akaelekeza kamera, na hapo juu ya povu lile nikajisikia nikisema kwa furaha, "Mboga hizi nimezichuma kwa mkono wangu asubuhi ya leo."

"Zima," nikamwambia.

"Nimetaka tu kuwa na uhakika," akasema Nereah.

Sauti ile iliwafanya wanawake wainue macho. Mmoja, mnene, mwenye gamubuti za kiume, alinitazama mimi, akautazama mfuko, kisha uso wake ukachanua. Akaja mbio, mikono akijifuta kwenye marinda, akanipa mkono. Alinisemesha Ekegusii, na Nereah haelewi hata neno moja la Ekegusii.

"Bwakire, mong'ina," akaniamkia, yaani habari za asubuhi, mama. "Leo tumebahatika, mwenye shamba amekuja mwenyewe. Tunakuonanga tu kwa mfuko."

"Mimi si mwenye shamba," nikamjibu kwa Ekegusii.

"Wacha kutania. Mzee wako yuko kule chini anafungulia maji. Nimuite?"

  Mzee wangu. Nikajiambia amekosea, kuna wazee wengi duniani, kuna mtu amejiita mume wangu kama walivyojiita mimi. Mtu akianza kuzama hushika hata jani.

"Amesema nini?" Nereah akauliza.

"Amesema tuangalie, kunateleza."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku ile ya Sabato, nami niliutoa bila hata kumeza mate.

Tulishuka. Nereah mbele, mimi nyuma, nikiomba kwa kila jina la Mungu ninalolijua. Nyuma ya migomba alikuwepo mwanamume ameinama, suruali ameikunja hadi magotini, anahamisha udongo kwa jembe ili maji ya bomba yaingie tuta lingine. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye mti. Juu ya koti, kwenye panda ya tawi, palikuwa na Biblia, imefungwa vizuri kwa karatasi ya nailoni isiingie uchafu.

Akageuka.

Nimeishi na Job tangu nikiwa msichana. Nimeuona uso wake kwenye msiba, kwenye njaa, na siku alipowekewa mikono kuwa mzee wa kanisa. Ule alioniletea pale sikuujua. Ulikuwa uso wa mtoto aliyekutwa mkono sufuriani, kisha hapo hapo ukawa uso wa mzee wa kanisa tena. Hicho ndicho kilichonitia kinyaa kuliko damu ya ng'ombe: jinsi alivyoubadilisha upesi.

"Drusilla," akasema kwa Ekegusii, taratibu, kama tuko kwenye meza yetu. "Umetoka kanisani kabla ya mahubiri?"

Nilitazama magoti yake yaliyojaa matope. 

"Usinitazame hivyo. Sijavunja Sabato. Hawa wanaochuma si wa kanisa letu, umewaona. Mimi sijagusa jani moja wala sijapokea chochote mkononi. Ninafungulia maji tu. Hata ng'ombe hunyweshwa siku ya Sabato."

"Job, mtoto wa watu amelazwa."

"Watoto huugua. Wateja wa Jumamosi wamekuwa wengi, mashamba yenu kule juu yangetosha wapi? Gibson alikuja kwangu kama mwanamume. Nikatafuta njia." Akachomeka jembe kwenye udongo. "Na njia hiyo nani alinifundisha? Si wewe uliyempa Valentine simu ili dhambi iwe yake? Mimi nimefuata tu pale ulipokanyaga."

Ndugu msomaji, hapo alinipata. Ningelikuwa na jiwe ningelirusha.

"Na uso?" nikamuuliza. "Kwa nini uso wangu?"

"Nani angenunua mboga kwa uso wangu?"

"Na kwenye baraza. Ulisimama ukasema nitolewe."

Akashusha sauti, ingawa hapakuwa na wa kutuelewa. "Mke akitolewa, mume anabaki kumwombea. Baada ya miezi michache unatubu, unabatizwa upya, mambo yanaisha. Mzee wa kanisa akitolewa, nyumba imekwisha. Nilipima, Drusilla. Nilikuwa ninaokoa nyumba."

Alikuwa amepima. Yaani usiku amelala kando yangu, amenisikia nikilia, akanipima kama mtu anayepima ndizi, akaona mimi ndiye mkungu wa kukatwa. Kisha akaomba Mungu amfunue mwenye makosa, na mimi nikasema amina.

Nereah alikuwa amevumilia vya kutosha. Alikuwa akitutazama, mara yeye, mara mimi, kama mtu anayetazama mchezo ambao hajui sheria zake.

"Yawa, Mama Mose," akasema. "Mnaongea nini hivyo mrefu? Huyu ni nani? Unamjua?"

Job anaelewa Kiswahili vizuri. Alitulia kabisa, akaningoja.

Na mimi, ambaye nilikuwa nimetoka Nyamache kumtafuta mtu huyu, ambaye kesho yake nilitakiwa nimtaje mbele ya baraza ili jina langu lipone, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Simjui."

Sijui kwa nini. Msiniulize, nimejiuliza vya kutosha. Labda ni aibu. Nilishindwa kumwambia mama yule, ambaye mtoto wake ana sindano mkononi, kwamba mtu anayelisha mji damu ya bomba hulala kwenye kitanda changu. Nilitaka niwe mke wa mtu mwingine kwa dakika moja tu.

Job alishusha pumzi. Akanitingishia kichwa kidogo, kunishukuru. Alinishukuru. Nikahisi nimepakwa ule uchafu kuanzia utosini.

"Alikuwa anakuambia nini basi?" Nereah akauliza.

"Anasema yeye ni mtu wa kibarua. Mwenye shamba hayuko."

"Kibarua." Nereah alimtazama kutoka kwenye magoti hadi kwenye kichwa. Akaliona koti mtini. Akaiona Biblia. Mwanamke yule hauzi dawa kwa bahati, anaona. "Kibarua wa kuvaa koti kama hiyo? Huyu anakudanganya, Mama Mose. Ndiye mwenyewe huyu."

"Twende tu, mama. Tumeshapaona mahali."

"Hatuendi. Wewe kesho unahukumiwa, si uliniambia? Utaenda kwa hao wazee na nini, na mikono?" Alikuwa ameshatoa simu. "Vile humjui, hakuna shida. Mtu mmoja atamjua. Napiga picha yake naweka kwa grupu ya wateja."

Grupu ya wateja. Mle ndani kuna nusu ya wapishi wa Kisii. Kuna mke wa mchungaji wetu, ambaye mimi mwenyewe nilimwingiza ili anunue kwetu. Kuna yule shemasi, na shangazi wa yule binti. Kuna akina mama wote wa kikundi, ambao jana yake nilikuwa nimewachukia mmoja mmoja. Picha ile isingekaa hata muda wa kuchemsha chai kabla mtu hajaandika: Huyu si ni mume wa Mama Mose?

Na Nereah angesoma. Angejua kwamba nilisimama mbele yake, nikaambiwa nitaje, nikasema simjui. Nani angeamini tena kwamba mboga hazikuwa zangu?

"Nereah," nikasema.

"Mzee, inua uso," Nereah akamwambia Job.

Akainua. Lakini hakuitazama simu, alinitazama mimi. Kwa Ekegusii, polepole, akasema, "Ukisema ni mimi, nitasema tulipanga pamoja. Wale wanawake watatu watasema wewe ndiwe mwenye shamba. Ndivyo wanavyojua."

Simu ikalia kile kilio cha kupiga picha.

"Amesema nini tena?" Nereah akauliza bila kuniangalia, kidole chake kikiandika. "Haya. Nimeandika: Huyu ndiye anatumia uso wa Mama Mose kutulisha uchafu, na Mama Mose mwenyewe amekuja na amesema hamjui kabisa. Niko sawa?"

Akanigeuzia simu nisome. Uso wa Job ulikuwa umejaa kioo chote, na kidole cha Nereah kilikuwa kimesimama juu ya alama ya kutuma.

"Sema haraka," akasema. "Ni wewe mwenye jina."